Maua Niliyoyachuma Nyuma ya Jikoni

Chebet mwanangu,

Sitakuuliza hali yako, kwa sababu bado uko hapa nyumbani na asubuhi hii nimekusikia ukimgombeza ndama aliyeingia kwenye sukuma wiki. Umeenda Litein na mama yako kununua vitu vya safari. Mvua ya mchana imeshaanza, kwa hiyo mtasimama barazani mwa duka fulani mkingojea ipungue, na mimi nimepata saa mbili za kuwa peke yangu na karatasi. Habari za blanketi, za kitambulisho, za binamu yako atakayekupokea Athi River, mama yako amekwisha kukwambia na atakwambia tena kesho mpaka basi liondoke. Mimi nina jambo moja tu, na nilipaswa kukwambia mwaka jana.

Ni kuhusu matikitimaji yako. Hayakukataa kuzaa kwa sababu ya mkono wako. Niliyaharibu mimi.

Nimeandika hivyo mapema ili nisipate mahali pa kujificha huko mbele. Sasa wacha nikueleze ilivyokuwa, hatua kwa hatua, maana wewe umesomea kilimo na hutaridhika na neno "samahani" lisilo na maelezo.

Uliporudi kutoka chuoni ulizunguka boma siku mbili ukiwa na daftari, ukitazama jua linapoanza kupiga asubuhi na linapoondoka jioni. Nilikuwa nimeketi kibarazani nikisoma gazeti la juzi, nikingojea uniulize. Nimefundisha sayansi mpaka nikastaafu. Nimechuma chai tangu nikiwa mfupi kuliko kichaka. Nilijiona mtu wa kuulizwa. Hukuniuliza. Ulichagua kile kipande nyuma ya jikoni, kati ya ukuta wa mabati na zizi, kwa sababu mabati hushika joto la mchana na kulirudisha jioni, na upepo wa baridi unaotoka upande wa msitu haufiki pale. Lilikuwa chaguo zuri sana. Sikukwambia hivyo. Nilikunja gazeti nikaingia ndani.

Uliupima udongo ukasema ni mchachu mno, kama udongo wetu wote wa chai, ukachanganya jivu na chokaa. Uliinua matuta ili maji yasituame. Ulitandika plastiki nyeusi, ukapinda fito za mianzi, ukafunika nailoni nyeupe mpaka pakawa na kibanda kirefu cha kuingia kwa kutambaa. Mbegu uliziotesha kwenye pakiti za maziwa zilizokatwa, ukazipanga kwenye rafu juu ya jiko zipate joto, na mama yako akalalamika wiki nzima.

"Hii ni jikoni ama ni nasari?"

"Mama, ngoja tu. Utakula hiyo kitu mpaka maji ikutoke kwa kiwiko."

"Na sufuria yangu nitaweka wapi, kwa kichwa?"

Nilicheka nikiwa chumba cha pili. Nakumbuka nilicheka. Kwa hiyo usifikiri kwamba tangu mwanzo nilikuwa nakutakia mabaya. Ingekuwa rahisi zaidi kuandika barua hii kama ningekuwa na chuki. Sikuwa nayo.

Miche ilipohamishwa ilisimama, majani yakafifia. Ulisema ni kawaida, mmea unatafuta mizizi kwanza, na usiku wetu una baridi. Kisha ulikwenda kwa senge wako Tapkigen, dada yangu, kule Soin bondeni, kuona jinsi wanavyolima matikitimaji kwenye joto. Ulikaa wiki mbili. Uliniachia maagizo mafupi: nifunue nailoni jua likitoka, nifunike kabla ya jioni, nisiguse kitu kingine. Ulisema, "Baba, tafadhali, hiyo tu." Ukatabasamu, lakini ulikuwa unamaanisha.

Siku ya pili nilifungua stoo nikatoa mbolea ya chai.

Unajua ile mbolea. Imetengenezwa kwa ajili ya jani. Ina naitrojeni nyingi na vitu vingine kidogo sana, kwa sababu mkulima wa chai hahitaji tunda, wala mbegu, wala kiazi. Anahitaji jani changa, na baada ya jani hilo anahitaji jingine. Nimefundisha darasani kwamba naitrojeni ni chakula cha majani. Niliichora ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Lakini nilipoinama mbele ya miche yako sikuwa mwalimu. Nilikuwa mtu aliyelelewa kwenye chai, na mtu wa chai akiona jani limefifia mkono wake huenda kwenye gunia kabla hajafikiri. Nilitia kiganja kimoja kwa kila mche. Baada ya siku tatu sikuona tofauti, nikatia tena.

Uliporudi ulikuta mashina yametambaa mpaka nje ya kibanda, majani mapana, kijani cha kukolea. Ulipiga kelele mpaka mbwa akabweka.

"Baba! Umeona? Zimeamka!"

"Naona," nilisema.

Ulidhani ni lile jivu na samadi yako. Ulinieleza jinsi chokaa ilivyofanya kazi, ukaniita "mwalimu mwenzangu", nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejifunza. Hapo ndipo nilipaswa kusema. Ilikuwa asubuhi nzuri, ulikuwa na furaha, na kosa lilikuwa bado dogo. Nimewaza sana kuhusu asubuhi ile. Nafikiri nilinyamaza kwa sababu mmea ulikuwa umependeza. Moyoni nilijisifu kwamba mzee bado ana ujuzi wake, na nikapanga kukwambia siku ya kuvuna, tucheke pamoja.

Kisha yakaja maua.

Hapa nakuomba uvumilie, maana ndipo penye uzito. Mama yangu alinifundisha kuchuma chai kwa kunionyesha kwanza kichaka kibaya. Alinipeleka kwenye kona ambayo babu yako alikuwa ameitelekeza, akanionyesha maua meupe yaliyokuwa yamejificha chini ya majani. Akaniambia kichaka kikitoa maua kimekata tamaa ya kuishi, kimechoka au kina njaa, kinataka kuzaa kabla hakijafa. Alinifundisha kuyakwanyua ili nguvu irudi kwenye jani. Kwa hiyo nilikua nikiona ua kama dalili ya ugonjwa. Najua ni ajabu kwa watu wa sehemu nyingine, ambao wakiona ua hufurahi. Huku kwetu tunafurahia shamba ambalo limekuwa kijani tupu, kama meza iliyofutwa.

Nilipofunua nailoni alfajiri moja, kabla ya kukamua, nikaona yale maua ya manjano, moyo wangu ulishtuka. Nilisema mmea umechoka mapema. Hata hivyo sikusahau sayansi yote. Nilijua tunda hutokana na ua. Nikayatazama kwa karibu, nikaona hayana kitu chini yake, ni kikonyo chembamba tu. Nikaamua kwamba ni maua ya bure, yanakula chakula cha mmea. Nikayachuma. Niliyachuma kwa vidole viwili, kama tunavyochuma chai, nikayatupa kwenye zizi. Kesho yake nikarudi. Siku zilizofuata yakatokea machache yenye kile kitikiti kidogo chini yake, kama punje ya harage yenye manyoya. Hayo niliyaacha, nikijiona mtu mwenye busara sana.

Wewe unajua nilichokuwa nafanya. Nilikuwa natoa madume yote na kuacha majike.

Nilikuwa nafanya hivyo alfajiri kwa sababu ndiyo saa yangu ya kuamka, lakini sitadanganya. Nilifanya pia kwa sababu ulikuwa umelala. Kama ningekuwa na hakika kwamba ni kazi njema, ningeifanya saa nne mchana ukiwa umesimama kando yangu.

Aliyenishika ni jirani yetu Mama Kerubo. Alikuwa amekuja kuchukua maziwa, unajua yeye huja mapema ili awahi kupeleka ndizi zake soko la Chepilat. Alinikuta nimepiga magoti kwenye kibanda chako, kiganja kimejaa maua.

"Mwalimu, ni wewe unatoa hizi maua?"

"Si zinamaliza nguvu ya mmea? Hazina tunda, ona."

Akaweka mtungi chini. Alinitazama kama vile watoto walivyokuwa wakinitazama nikikosea hesabu ubaoni, wakiogopa kusema. Lakini yeye hakuogopa.

"Mwalimu, hiyo ni dume. Kwetu hata malenge tunajua hivyo. Umefukuza jogoo yote kwa boma, halafu unangoja vifaranga?"

Nilibaki nimepiga magoti. Kila nilichofundisha kuhusu chavua kilinirudia, mchoro mzima, na mishale yake na majina yake. Wala haikuwa habari mpya kwangu. Nilikuwa naijua tangu chuo cha ualimu. Niliijua kichwani na mikono yangu haikuijua.

"Mwambie msichana," alisema akichukua maziwa yake. "Leo. Jua bado iko. Anaweza kusaidia hizo zimebaki."

Nilisema nitakwambia. Nilikusudia kukwambia. Ulitoka baada ya chai, ukatambaa kibandani na brashi yako ndogo ya kupaka chavua, ukakaa humo muda mrefu. Kisha ulikuja kwangu ukiwa na magoti yenye tope, umekunja uso.

"Baba, kuna kitu sielewi. Majike yapo, madume hakuna. Chuoni walituambia madume hutangulia. Hujaona kitu kinakula maua?"

Chebet, uliniuliza. Ile siku niliyokuwa nikiingojea tangu uliporudi nyumbani, siku ya kuniuliza jambo la shamba, ilifika. Na mimi nikakujibu, "Labda ni ndege."

Maneno matatu. Nimehesabu maneno mengi katika kazi yangu, insha za watoto, lakini hayo ndiyo ninayoyarudia zaidi.

Ulinishukuru. Ulitoa chandarua cha zamani kwenye sanduku la mama yako, ukakishona na kukitandaza juu ya kibanda chote ili kuzuia ndege ambao hawakuwapo. Chandarua kikazuia nyuki. Mimi nilikuwa nimeacha kuchuma, madume yalianza kurudi moja moja, lakini mbolea yangu ilikuwa bado inasukuma majani, na majike yakawa machache. Ulipaka chavua kwa mkono kila asubuhi. Yakashika matunda mawili. Yalifika ukubwa wa ngumi. Kisha mvua ndefu zikarudi na baridi yake, yakaoza kuanzia chini, na ukaniletea mojawapo ukiwa umelishika kwa jani. Ungekuwa na wiki tatu zaidi za jua, yangeiva. Wiki hizo nilizimaliza mimi.

Kama ningekwambia asubuhi ile uliporudi kutoka Soin, ungekuwa umekasirika siku mbili, ungekuwa umepanda tena kwenye pakiti za maziwa, na pengine ungevuna. Mbegu zilikuwa zimebaki. Niliziona kwenye droo.

Sasa nije kwenye siku ya shukrani kanisani, maana najua wewe unaikumbuka kuliko hayo yote. Ulikuwa umewaambia akina mama tangu mapema kwamba utaleta tikitimaji la Litein. Watu walileta mahindi, kabichi, maziwa ya mursik, majogoo. Wewe ulileta mkungu wa ndizi ulionunua. Yule mzee anayenadi sadaka za mavuno, mwenye mzaha wake, akauliza kwa kipaza sauti, "Chebet, kwa hiyo matikiti yako tulete kisu ama tulete ng'ombe?" Watu wakacheka, kwa sababu kila mtu aliyepita njiani alikuwa ameona yale majani. Hata wewe ulicheka kidogo. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, tuambie, shida ilikuwa nini?"

Nilisimama. Ningeweza kusema, "Shida ilikuwa mimi." Watu wangecheka zaidi, na kicheko kingeishia kwangu, mtu mzima mwenye pensheni, ambaye kisingemdhuru. Badala yake nilisema, "Nilimwambia hii ardhi inajua jani tu. Lakini vijana wa siku hizi wanaamini simu kuliko wazee." Kanisa zima lilicheka. Sikuwahi kukwambia neno kama hilo. Nililitunga pale pale nikiwa nimesimama, na lilitoka vizuri, kama la mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu.

Ulinitazama mara moja. Uliondoka kabla ya chakula. Tuliporudi tulikuta umeng'oa kila kitu, umekunja nailoni, na ng'ombe walikuwa wanatafuna mashina. Mama yako alitaka kukugombeza kwa ajili ya mianzi uliyovunja, nami nikamwambia akuache. Nilijifanya mtu wa huruma.

Wiki mbili baadaye senge alikupigia simu. Nilikuwa kibarazani, nilisikia upande wako. Alikuwa anakupa kile kipande chake kando ya mto, ulime matikitimaji, yeye akiwa amezeeka na magoti yanamsumbua. Ulimjibu, "Senge, tafuta mtu ako na mkono. Wangu umekataa." Ulisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema hana chumvi. Tangu siku hiyo sijakuona ukishika jembe isipokuwa umetumwa. Daftari lako ulilitumia kuwashia moto wa kuni, na hilo nalo niliona. Kisha ikaja habari ya kiwanda cha nguo cha Athi River, mkataba wa miaka miwili, na ukakubali siku hiyohiyo.

Usinielewe vibaya. Kushona mikono ya mashati ni kazi, na mtu anayeifanya vizuri anastahili heshima. Sikuandikii ili nikuzuie. Nimejiuliza sana, kwa uaminifu wote nilionao, kama barua hii ni kamba ya kukufunga mguu. Ukiamua kwenda kesho, nitakubebea begi mpaka stendi. Kinachonisumbua ni kwamba unakwenda kwa sababu ya jambo ambalo si kweli. Umejihukumu kwa ushahidi wangu wa uongo. Mtu anaweza kuishi miaka arobaini akijua jambo moja baya kuhusu nafsi yake, akapanga maisha yote kulizunguka, na kumbe lilitoka mdomoni mwa mtu mwingine aliyekuwa anaona aibu.

Wacha nikusimulie jambo jingine. Nilipomwoa mama yako tulikuwa na vichaka vichache, na mwaka wa pili niliamua kupogoa. Chai hupogolewa wakati wa baridi, na matawi yaliyokatwa huachwa juu ya vigogo ili kuvipa kivuli. Mimi nilikuwa na likizo wakati wa kiangazi, kwa hiyo nilipogoa kiangazi, na matawi nikayabeba yakawe kuni. Jua likachoma vigogo vikapasuka magamba. Karibu nusu vilikufa. Mama yako aliniuliza, nikamwambia ni umande wa barafu. Niliamini ameamini.

Miaka mingi baadaye, wewe ukiwa darasa la tatu au la nne, tulikuwa tunachuma mstari mmoja na yeye, na bila sababu nikamwambia ukweli. Hata hakuinua kichwa.

"Nilijua siku hiyohiyo," alisema. "Umande wa barafu na kuni umejaza stoo?"

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa hutaki kuambiwa. Nikaona wacha nisikuulize tena mambo ya shamba."

Na ni kweli hakuwa ameniuliza. Miaka yote ile alikuwa akienda kumuuliza mjomba wake Boito kuhusu mbolea, kuhusu ng'ombe, kuhusu kila kitu, na mimi nilidhani ni mapenzi ya ukoo. Nilikuwa nimejinusuru na aibu ya jioni moja, na gharama yake ilikuwa kwamba nilipoteza mtu wa kuongea naye shambani. Ungedhani baada ya kujifunza hilo nisingerudia. Nilirudia, na safari hii kwa mtoto wangu. Kwa hiyo sikuandikii kama mtu aliyefika. Nakwambia tu nilichokiona mara mbili: watu wa nyumbani hujua, au hatimaye hujua, na wakati ule wote wanapokungojea useme, wanajifunza kuishi bila wewe.

Huko uendako utakosea. Utaharibu kitambaa cha mtu, utasoma vibaya karatasi ya maagizo. Sijui nikushauri nini isipokuwa ukaseme asubuhi hiyo, kabla ya chai ya saa nne, kabla hujapata muda wa kutunga maneno mazuri. Mimi nilikuwa hodari wa maneno mazuri. Yalinisaidia sana kufanya ubaya.

Jumatatu Mama Kerubo alileta zile ndizi za safari yako. Ulikuwa umeenda kuaga majirani. Aliziweka mezani akaniuliza moja kwa moja, "Ulimwambia?"

"Bado."

"Bado! Mwaka mzima, Mwalimu? Na mimi kila nikimpita njiani naangalia chini kama mimi ndio niliiba?"

Sikuwa nimefikiri kwamba nilimfunga yeye pia. Kisha akasema, bila ukali, "Mimi sitamwambia. Mimi ni jirani, na huyo ni mtoto wako. Lakini asiende hivyo." Akaondoka bila kunywa chai niliyomkaribisha.

Jana jioni nilimpigia senge wako nikamweleza yote. Alisema kipande kile bado kiko wazi, na kwamba hajakitafutia mtu. Nakupa habari hiyo kwa sababu ni yako, uifanyie utakavyo, leo au baada ya miaka miwili au usiifanyie chochote. Pia nimemwomba mchungaji nafasi Jumapili hii, wakati wa matangazo. Nitasimama pale pale niliposimama, niwaambie nilichofanya kwa mpangilio huu huu: mbolea, maua, ndege, na yale maneno. Nitafanya hivyo ukiwa umekaa pale au ukiwa Athi River. Mama yako nitamwambia leo jioni, ingawa nafikiri amekwisha kujua, kama alivyojua ile habari ya kuni.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuisukuma barua hii chini ya nguo katika begi lako, uikute huko mbali. Nilijiambia ndivyo akina baba wanavyofanya, kwamba mtu akisoma peke yake anaelewa vizuri zaidi. Nimefika ukurasa huu ndipo nikaona ninachofanya. Nilikuwa nataka uisome mahali ambapo siwezi kuona uso wako. Ningekuwa nimesema na bado sijasema.

Kwa hiyo nitakupa mkononi, mkishaingia na kuvua viatu vyenye tope. Nitakuomba uisome hapa mezani, nami nitaketi upande wa pili. Sitaongeza maelezo. Ukitaka kuniuliza, uliza hata jambo moja mara kumi. Ukitaka kunyamaza, nitanyamaza nawe. Na kama una hasira, mwanangu, usiibebe kwenye basi kwa sababu ya heshima. Kasirika hapa, mbele yangu, nikiwa bado naweza kukusikia.

Baba yako